Damu ya mtoto kwenye kadi ya DBS: namna ya kuichukua, na kwa nini virusi vinadai iwe hivyo

Mama amefika PTME, huduma ya kuzuia mama asimwambukize mtoto, na mtoto wa wiki sita mgongoni, kitenge kimefungwa vizuri. Mama anaishi na VIH, virusi vya UKIMWI, na anakunywa dawa zake. Mtoto amepewa dawa ya kumkinga, nevirapini, tangu siku aliyozaliwa. Leo ndiyo siku ya kutafuta jibu: mtoto ameambukizwa au hapana? Mezani kuna lanseti (kisindano kifupi cha kutobolea ngozi), pamba, kompresi, na kadi ya DBS, yaani ya matone ya damu yaliyokaushwa: karatasi ngumu yenye duara tano. Kazi yenyewe ni ya dakika kumi hivi. Lakini kadi ikiharibika ndani ya dakika hizo, jibu litachelewa kwa wiki kadhaa, na kwa mtoto wa umri huu wiki ni kitu kikubwa. Wasipotibiwa, karibu nusu ya watoto walioambukizwa hufariki kabla ya kutimiza miaka 2, na wengi wao huondoka katika miezi ya mwanzo kabisa.

Mwongozo huu ni wa wauguzi, wakunga na watu wa labo katika vituo vya afya vya Lubumbashi na kandokando yake. Hatua za DBS mara nyingi zimebandikwa ukutani. Kinachokosekana ukutani ni sababu zake, na muuguzi asiyejua kwa nini tone la kwanza linafutwa ataacha kulifuta siku ambayo foleni inafika barabarani. Kwa hiyo tunaanza na kirusi chenyewe, kisha tunarudi mezani.

Kirusi kinavyoishi ndani ya seli

VIH ni kirusi cha jamii ya retrovirusi. Kwa kawaida seli huhifadhi maelekezo yake kwenye DNA, huyanakili kwenda kwenye RNA, na RNA ndiyo husomwa ili kutengeneza protini. Retrovirusi hufanya kinyume: hubeba RNA, na ikishaingia ndani ya seli huigeuza kuwa DNA. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo huitwa transkriptasi geuzi. Howard Temin na David Baltimore walikigundua mwaka 1970, kila mmoja katika labo yake, na mwaka 1975 wakapata tuzo ya Nobel.

Chembe moja ya VIH ina upana wa nanomita 100 hadi 120 hivi. Ukipanga chembe elfu kumi katika mstari mmoja utapata kama milimita moja tu. Nje ina utando wa mafuta ambao iliuchukua kwenye seli ilimotoka, na juu ya utando huo zimechomoza protini za gp120 na gp41. Ndani yake mna kapsidi, ganda lenye umbo la koni, na humo mna nyuzi mbili za RNA, kila moja ikiwa na herufi zaidi ya 9,000. Jeni zake ni tisa tu. Mwanadamu ana jeni za protini karibu elfu ishirini, na bado hizo tisa zinamlaza.

gp120 hushika kipokezi cha CD4 kwenye seli nyeupe, kisha hushika kipokezi cha pili, CCR5 au CXCR4. Utando wa kirusi na utando wa seli huungana, na kapsidi inaingia. Transkriptasi inaanza kuandika DNA kutoka kwenye RNA. DNA hiyo ikifika ndani ya kiini, kimeng'enya cha pili, integrasi, hukata kromosomu ya mtu na kuishona humo. Kuanzia hapo kirusi kina jina jipya, provirusi, na seli inakisoma kama jeni yake yenyewe. Inatoa RNA mpya na protini mpya, ambazo hukusanyika chini ya utando na kuchomoza nje kama chembe changa. Chembe hiyo haiwezi kuambukiza mpaka kimeng'enya cha tatu, protiasi, kikate protini zake zikae mahali pake.

Mzunguko mzima huchukua kama siku mbili na nusu. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1996 vilionyesha kwamba mtu mzima asiyetibiwa hutengeneza chembe karibu bilioni kumi kila siku, na kwamba nusu ya chembe zinazoelea kwenye damu hutoweka kila baada ya saa sita. Lakini kuna seli chache zinazoingiliwa halafu zikalala. Provirusi imeshonwa ndani, na hakuna chembe inayotoka. Hazina hiyo ya seli zilizolala hupungua polepole mno: inachukua kama miezi 44 kupungua nusu yake. Nevirapini, tenofoviri na lamivudini huizuia transkriptasi. Dolutegraviri huizuia integrasi. Lakini hakuna dawa kati ya hizo inayoweza kuifumua DNA ambayo tayari imeshonwa. Ndiyo maana dawa ni za maisha yote.

Sasa shika jambo moja, kwa sababu karibu kila hatua inayofuata inatoka hapa. Katika tone moja la damu la mtu aliyeambukizwa, kirusi kiko katika sura mbili. Kwenye majimaji ya damu, yaani plazma, kuna RNA iliyo ndani ya chembe zinazoelea. Ndani ya seli nyeupe kuna DNA ya provirusi. RNA ni laini, inapanda na kushuka upesi, na dawa inaweza kuishusha mpaka isionekane. DNA ni ngumu na inabaki. Plazma iliyotengwa kwenye tyubu inakupa ya kwanza tu. Damu nzima iliyokauka kwenye karatasi inakupa zote mbili.

Kwa nini si kipimo cha haraka, na kwa nini wiki ya sita

Kipimo cha haraka hakitafuti kirusi, kinatafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza dhidi ya kirusi. Kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma na zinaweza kubaki katika damu ya mtoto mpaka miezi 18. Kipimo hicho kikitoka chanya kwa mtoto wa wiki sita, kimekwambia habari za mama yake tu. Kwa hiyo tunatumia PCR, ambayo hutafuta maandishi ya kirusi chenyewe, RNA na DNA pamoja.

Mtoto aliyeambukizwa wakati wa kuzaliwa hana cha kuonekana siku ya kwanza. Kirusi kinahitaji mizunguko kadhaa kabla ya kufikia kiwango ambacho mashine inakiona. PCR ya siku mbili za mwanzo huwakamata walioambukizwa tumboni. Ya wiki ya 4 hadi ya 6 huwakamata karibu wote walioambukizwa wakati wa uchungu pia. Halafu kuna nevirapini anayopewa mtoto na dawa anazokunywa mama, ambazo sehemu yake hupita kwenye maziwa: zinaweza kuishusha RNA ya mtoto mpaka karibu na sifuri, na hapo DNA iliyomo ndani ya seli ndiyo inayobaki kusema ukweli. Tunajali ubora wa doa la damu kwa sababu hiyo. Seli zikiwa chache kwenye karatasi, shahidi wa mwisho hayupo.

Kabla ya kumgusa mtoto

Andika kadi kwanza. Ukisubiri mpaka mtoto awe analia na damu inatiririka, utaandika vibaya au utagusa duara. Weka namba ya mtoto, tarehe ya kuzaliwa, tarehe na saa ya kuchukua damu, na jina la kituo, kwa kalamu ya wino wa kawaida. Kalamu ya feutre wino wake hutambaa ukikutana na alkoholi. Namba ya kwenye kadi, kwenye fomu na kwenye rejista iwe ileile, herufi kwa herufi. Kadi yenye damu nzuri na namba mbili tofauti haipimwi.

Kadi ishikwe pembeni tu, hata ukiwa na glavu. Kwenye ngozi na jasho kuna vimeng'enya vinavyokula RNA, na glavu zenye unga huacha unga unaozuia PCR. Glavu zisizo na unga zikikosekana, futa vidole vya glavu kwa kompresi yenye maji na uviache vikauke kabla ya kushika kadi. Badilisha glavu kwa kila mtoto. PCR huzidisha maandishi mara mbili katika kila mzunguko, na baada ya mizunguko 30 kipande kimoja kimekuwa zaidi ya bilioni moja. Alama ndogo ya damu ya mtoto mmoja kwenye kadi ya mwingine inatosha kuleta jibu la uongo.

Pasha mguu joto. Hatua hii huachwa kuliko zote, na ndiyo inayookoa kazi yote, hasa Juni na Julai asubuhi wakati miguu ya watoto wa hapa ni baridi kama chuma. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya vuguvugu, yasiyozidi digrii 42, kwa dakika 3 hadi 5. Huna kipimajoto? Yaweke kwanza juu ya mkono wako kwa ndani: yakikuudhi wewe, yatamwunguza mtoto. Mama amshike mtoto wima kifuani, mguu ukining'inia chini ya usawa wa moyo, na akitaka amnyonyeshe wakati wa kuchoma. Mtoto anayenyonya haumii sana kama yule aliyelazwa mezani peke yake. Mwambie mama kabla: “Mama, tutakamata damu kidogo tu ku kisikino ya mutoto. Matone tano, basi.” Duara tano zikijaa ni kama mililita 0.35. Mtoto wa kilo 4 na nusu ana damu kama mililita 360, kwa hiyo unachukua sehemu moja kati ya elfu.

Kuchoma

Mahali hutegemea uzito. Chini ya kilo 5, kisigino. Kilo 5 hadi 10, kidole gumba cha mguu. Zaidi ya kilo 10, kidole cha mkono, cha kati au cha pete, kidogo pembeni ya ncha. Usichome kidole cha mkono cha mtoto mchanga: mfupa uko karibu mno na ngozi.

Kwa kisigino, vuta kwa macho mistari miwili chini ya unyayo: mmoja kutoka katikati ya kidole gumba kwenda nyuma, mwingine kutoka kati ya kidole cha nne na cha tano kwenda nyuma. Choma nje ya mistari hiyo, upande wa ndani au wa nje wa kisigino, kamwe si katikati wala kwenye mkunjo wa nyuma. Katikati mfupa uko karibu, na jeraha linalofika mfupani linaweza kuleta maambukizi mabaya. Lanseti isiingie zaidi ya milimita 2, na iwe ile ya kujirudisha yenyewe ndani. Sindano ya kawaida mkononi haina kikomo cha kina, tusiitumie.

Safisha kwa alkoholi ya asilimia 70 na uhesabu sekunde 30 mpaka ngozi ikauke kabisa. Alkoholi iliyobaki hupasua seli nyekundu na kutandaza damu kwenye karatasi. Choma. Tone la kwanza lifute kwa kompresi kavu: limebeba alkoholi na majimaji ya ngozi iliyojeruhiwa.

Sasa subiri. Hapa ndipo mkono wenye haraka unapoharibu. Shika kisigino kati ya kidole gumba na cha shahada, kandamiza polepole, achia damu irudi, kandamiza tena. Ukikamua kwa nguvu kama unayekamua nguo, maji ya nyama hutoka pamoja na damu. Doa litaonekana kubwa na zuri, lakini damu imechanganywa na maji, na seli nyeupe, ambamo mna DNA unayoitafuta, zimekuwa chache. Labo haiwezi kurekebisha hilo.

Acha tone likue mpaka lining'inie. Lete kadi karibu hadi karatasi iguse tone, si ngozi. Karatasi italinyonya lenyewe. Duara lina upana wa kama milimita 13 na hubeba mikrolita 70 hivi; tone moja kubwa linalijaza. Geuza kadi: damu ionekane nyuma sawasawa na mbele. Likijaa, nenda duara linalofuata. Weka damu upande mmoja tu, na usirudi kuongeza tone juu ya tone lililoanza kukauka. Jaza tano ukiweza. Tatu zilizojaa ni bora kuliko tano za nusunusu, kwa sababu labo hukata duara zima na kulihesabu kama mikrolita 70. Lenye nusu linadanganya hesabu. Chini ya mbili zilizojaa, anza upya kwa lanseti mpya na mguu mwingine.

Ukimaliza, kandamiza kisigino kwa kompresi, mguu ukiwa umeinuliwa, mpaka damu ikatike. Lanseti iende kwenye sanduku la vitu vyenye ncha kabla hujafanya kitu kingine chochote. Sanduku lifungwe likijaa robo tatu.

Kukausha, mvua na vumbi

Unyevu ndio adui mkubwa wa RNA. Damu ikiwa mbichi, vimeng'enya vinavyoila bado vinatembea; ikikauka kabisa, vinasimama. Kwa hiyo kukausha ndiko kunakoitunza damu. Kadi ilale wazi, duara zisiguse kitu chochote, juu ya kishikio au kati ya vitabu viwili vinavyoshika kingo zake. Saa 3 ni kima cha chini, saa 4 ni bora. Damu iliyokauka hubadilika kutoka wekundu wa kung'aa kuwa kahawia iliyokolea, sare kutoka katikati hadi pembeni. Katikati ikiwa bado inang'aa, haijakauka.

Hesabu hiyo ni ya kiangazi. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua inaponyesha karibu kila siku hapa Lubumbashi, iache usiku kucha. Kuanzia Mei shida inageuka kuwa vumbi jekundu linaloingia kila dirisha. Kausha ndani ya chumba kilichofungwa upande wa barabara, na kama inzi ni wengi, chini ya kifuniko cha wavu kisichogusa kadi. Usianike juani. Usiweke karibu na mbabula wala juu ya friji inayotoa joto, hata kama umeme umerudi baada ya siku mbili na unataka kumaliza kazi zote mara moja. Joto huigandisha damu kwenye karatasi, na labo itashindwa kuitoa humo. Usipepee wala kupuliza kwa mdomo: mate nayo yana vimeng'enya.

Kufunga na kutuma

Kadi iliyokauka ifunikwe kwa karatasi laini ya glasini, ili duara zisigusane na kadi nyingine. Iingie kwenye mfuko wa zipu usiopitisha hewa, pamoja na angalau vifuko viwili vya silika na kikadi cha kuonyesha unyevu. Toa hewa kwa mkono kabla ya kufunga. Alama ya 30 ya kikadi hicho ikigeuka kutoka buluu kuwa waridi, badilisha silika siku hiyohiyo. Kama silika yenyewe imegeuka rangi kabla hujaitumia, imeshajaa maji ya hewani na haina kazi tena.

Mfuko uliofungwa hivyo hukaa vizuri kwenye joto la chumba mpaka wiki 2. Inashangaza wengi kwamba hauhitaji friji. Hiyo ndiyo faida kubwa ya DBS kwetu: kadi inaweza kusafiri ndani ya bahasha kutoka Kipushi au Likasi bila barafu. Friji inayozimika na kuwaka ni mbaya kuliko meza, kwa sababu kila inapopata joto maji hutona ndani ya mfuko. Ukilazimika kukaa na kadi zaidi ya hapo, ziende kwenye friza ya digrii 20 chini ya sifuri, na zikitolewa, mfuko usifunguliwe mpaka upate joto la chumba. Lakini mara nyingi tatizo si friza. Kadi zinasubiri droo ijae ndipo mtu apande gari. Tuma kila wiki, hata zikiwa mbili.

Kusoma doa kabla halijaondoka

Inua kadi kwenye mwanga wa dirisha. Doa jema lina rangi moja mbele na nyuma. Doa lenye pete ya rangi hafifu pembeni, kama chai iliyomwagika kitambaani, linaonyesha kwamba alkoholi haikukauka au kisigino kilikamuliwa. Doa lenye madoadoa meusi yaliyoinuka lina damu iliyoganda kabla ya kufika kwenye karatasi. Mara nyingi ulisubiri sana kati ya tone na tone. Doa lenye tabaka, jeusi mahali pamoja na jekundu mahali pengine, ni tone juu ya tone. Doa jekundu mbele na jeupe nyuma ni tone dogo lililopakwa badala ya kunyonywa. Ukiziona hizi, chukua kadi ya pili mama angali hapo. Atakuelewa. Hatakuelewa ukimpigia simu baada ya wiki nne umrudishe kutoka Ruashi na nauli yake mwenyewe.

Damu ikichukuliwa kwenye mshipa badala ya kisigino, iwe kwenye tyubu ya EDTA, yenye kifuniko cha zambarau, na uweke mikrolita 70 kwa pipeti kwenye kila duara. Heparini huzuia PCR. Tyubu ya kijani, ambayo ndiyo yenye heparini, isitumike.

Jibu likirudi

Chanya: mtoto aanze dawa siku hiyo. Chukua kadi ya pili ya kuthibitisha kabla ya dozi ya kwanza, lakini usingoje jibu lake. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba watoto walioanzishiwa dawa mapema, wakiwa na umri wa wiki chache, vifo vyao vilipungua kwa asilimia 76 kuliko waliosubiri mpaka dalili zijitokeze au seli za CD4 zipungue. Na kuanza mapema kuna faida ya pili, inayotoka moja kwa moja kwenye mzunguko tulioueleza: kila siku bila dawa provirusi nyingine zinashonwa, na hazina iliyolala inakua.

Lisiloeleweka: mashine imeona kitu kidogo mno kuweza kusema ndiyo au hapana. Usiliandike kama hasi. Huenda ni RNA iliyoshushwa na dawa, huenda ni uchafu kutoka kadi jirani. Chukua kadi mpya upesi.

Hasi: mtoto hajaambukizwa mpaka leo, na bado ananyonya. Atapimwa tena akiwa na miezi 9, na jibu la mwisho ni la miezi 18 au miezi 3 baada ya kuacha kunyonya, lile litakalokuja baadaye. Akiugua kabla ya hapo, akikonda, akipata nimonia, pima tena bila kungoja tarehe. Kuna sababu moja zaidi ya kufanya hivyo kwetu. Transkriptasi haijisahihishi, hukosea herufi mara kwa mara, na kwa hiyo virusi vinatofautiana. Makosa hayo yanahesabika kama saa: kwa kuyalinganisha, watafiti mwaka 2014 walionyesha kwamba kundi la VIH lililoenea duniani lilianzia Kinshasa karibu mwaka 1920, na likafika Lubumbashi mwishoni mwa miaka ya 1930, likifuata njia za reli. Nchi yetu, Kongo, ni miongoni mwa mahali penye aina nyingi zaidi za VIH. Mashine nzuri hutafuta sehemu za kirusi zisizobadilika sana, lakini mtoto anayeumwa aaminiwe kuliko karatasi.

(PCR hii haioni retrovirusi nyingine ya binadamu, HTLV-1, iliyogunduliwa mwaka 1980. Nayo hupita kwenye maziwa ya mama, lakini husafiri hasa ndani ya seli na si kwa chembe zinazoelea, na ina kipimo chake.)

Kadi ileile, swali jingine: kiwango cha virusi cha mama

Watu huchanganya hapa. Kwa mtoto tunauliza kama kirusi kipo, na DNA ya ndani ya seli inatusaidia. Kwa mama aliye kwenye dawa tunauliza kama dawa inafanya kazi, na jibu liko kwenye RNA ya plazma peke yake. Hapo DNA iliyolala inatuharibia hesabu, kwa sababu baadhi ya mashine huihesabu pamoja. Mama anayekunywa dawa vizuri anaweza kupata jibu la DBS la nakala 1,300 za kirusi kwa mililita wakati plazma yake ina chache sana.

Upande mwingine, kadi ina macho hafifu. Mikrolita 70 za damu zina kama mikrolita 40 za plazma; mtu mwenye nakala 1,000 kwa mililita ana kama nakala 40 tu katika duara zima. Ndiyo sababu OMS, Shirika la Afya Duniani, inatumia kikomo cha 1,000 kwa kadi, na jibu la chini yake halitofautishi vizuri kati ya 100 na 700. Kwa hiyo jibu linalopita 1,000 kidogo lisimfanye mtu amkaripie mama. Kaa naye, uliza dozi zimeruka wapi, rudia baada ya miezi 3, na kama unaweza kupata tyubu ya plazma, ipendelee. Ila jibu la 40,000 halitokani na seli zilizolala. Hapo kirusi kinazaliana, na mama anayenyonyesha hapaswi kungoja.

Ukijichoma

Osha kwa maji na sabuni. Usikamue, usipake javeli. Hatari ya sindano yenye damu ya VIH ni kama 3 kwa 1,000, lakini dawa za kinga zianze mara moja, ndani ya saa 24 ikiwezekana, na kamwe si baada ya saa 72. Ziendelee siku 28. Saa hizo ni muda wa kirusi kuandika DNA yake, kuishona, na kusambaa kwenye tezi. Dawa inayofika baadaye inakuta mlango umeshafungwa. Usimalize zamu kwanza.

Na kabla mama hajamfunga mtoto mgongoni, andika tarehe ya kurudi kwenye karte yake, pamoja na siku anayotegemewa kupata jibu, na umsomee kwa sauti.